Madoa kwenye majani ya msitu: ozoni ya chini haimkingi yeyote

Swali: Natunza msitu mdogo wa miti ya asili, mbali kidogo na mji. Kila msimu wa jua kali majani makubwa hujaa vidoa vya kahawia, kisha hupukutika kabla ya wakati wake. Nimenyunyizia dawa ya ukungu mara tatu bila nafuu. Rafiki anasema ni ozoni, ila mimi najua ozoni inatukinga na jua. Tena muuzaji mmoja anataka nifunge mashine ya ozoni kwenye kitalu ili isafishe hewa. Nyuki nao wamepungua. Nifanye nini?

Jibu: Mashine hiyo usiinunue. Naanza hapo kwa sababu maswali ya namna hii yananifikia mara kwa mara, na karibu yote yamebeba kosa lilelile: kwamba ozoni ni rafiki, basi ikizidi ni heri.

Gesi ni moja, atomu tatu za oksijeni. Tofauti ni mahali ilipo. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote ya dunia iko juu sana, kwenye tabaka la hewa liitwalo stratosfia, inakochuja miale ya urujuanimno na hakuna anayeivuta. Hii ya huku chini haipandi kwenda kuziba tundu lolote kwenye tabaka hilo. Huishi saa chache hadi wiki chache, kisha huvunjika au humezwa na majani, udongo na mapafu. Haitoki kwenye bomba la gari ikiwa tayari ozoni, bali hupikwa na jua kutokana na oksidi za naitrojeni za moshi pamoja na mvuke wa petroli na viyeyusho. Mkemia Arie Haagen-Smit alilionyesha hilo Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na usidhani umbali unakuokoa. Katikati ya mji moshi mbichi huila sehemu ya ozoni. Upepo ukishausukuma mchanganyiko ule kilomita nyingi, ozoni huongezeka njiani. Misitu ya milimani huumia kuliko bustani za mjini mara nyingi tu.

Sasa chukua jani moja la zamani na lenzi ya kukuzia. Vidoa vya ozoni ni vidogo kama ncha ya sindano, viko upande wa juu tu, na vimejipanga kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Tafuta mahali jani moja lilipolala juu ya jingine: sehemu iliyokuwa kivulini mara nyingi huwa safi. Majani machanga nayo huwa na nafuu, kwa kuwa hayajakaa hewani muda mrefu. Doa la ukungu huwa na tabia nyingine. Hutanuka, huvuka mishipa, hutokea hata upande wa chini, na mara nyingi katikati yake utaona vijidutu vyeusi vinavyotoa mbegu za kuvu. Ukiona hivyo, nimekosea mimi kudhani ni ozoni. Usipoviona, dawa uliyonyunyizia haikuwa na adui wa kupigana naye.

Jani hufungua stomata, yaani vitundu vyake vidogo vya kupumulia, ili kupata kaboni dioksidi, na ozoni huingia kwa mlango huohuo. Ndani huunguza utando wa seli na kupunguza usanisinuru, na mti hutumia akiba yake kujikarabati badala ya kulisha mizizi. Wengi hukimbilia kumwagilia maji, lakini mti ulioshiba maji huacha stomata wazi na kuvuta ozoni zaidi. Ndiyo maana miti ya kando ya mto huweza kuwa na madoa mengi kuliko ya kwenye mwinuko mkavu. Sisemi uinyime maji miche yako. Nasema maji si tiba ya tatizo hili.

Kwenye milima ya San Bernardino, mashariki ya Los Angeles, misonobari ilianza kugeuka manjano miaka ya 1950, na watu wakahangaika kutafuta ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti waliipa misonobari yenye afya ozoni, nayo ikatoa dalili zilezile. Mingi ya ile iliyodhoofika ilimaliziwa na mbawakawa wa magome. Aliyekuja kutazama mwisho aliona mbawakawa tu.

Kuhusu nyuki, siwezi kuthibitisha kwa mbali kwamba wako wamepungua kwa sababu hiyo, ila uhusiano upo. Harufu ya ua ni molekuli zinazosafiri hewani, na ozoni huzivunja kabla hazijafika mbali, kwa hiyo mdudu hupoteza njia. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Jena walionyesha kwamba ozoni huharibu harufu za kujamiiana za inzi wa matunda kiasi kwamba madume yakaanza kubembelezana yenyewe kwa yenyewe. Ndege nao huvuta hewa nyingi kwa mapafu yenye ufanisi mkubwa, na kinachowaingia ni hichohicho.

Kwa hiyo nasema kwa msisitizo, na si kwako peke yako: hakuna dawa ya dukani ya kuondoa ozoni msituni. Watafiti wanayo kemikali iitwayo EDU ya kukinga mimea ya majaribio, lakini ni chombo cha utafiti, na anayeiuza kama tiba ya msitu anakudanganya. Anayekwambia ukate miti kwa kuwa nayo hutoa mvuke unaochangia kupika ozoni, anaficha nusu ya habari: mvuke wa miti bila oksidi za naitrojeni haurundiki ozoni ya kuumiza. Na mashine ile, ikitoa ozoni kidogo haisafishi kitu. Ikitoa ya kutosha kuua kuvu, itaunguza miche na vifua vya wanaoihudumia.

Acha dawa. Weka alama kwenye miti kumi ya aina mbalimbali, andika tarehe madoa yanapotokea na hali ya jua na upepo siku za kabla yake. Aina zinazobaki safi msimu mzima ndizo za kuotesha kwenye mapengo. Daftari hilo lipeleke pia kwa wanaopima hewa na kusimamia moshi wa mji, kwa sababu ozoni yako inaanzia huko.