Kinga ya mwili na saratani: majibu ya maswali yenu

Siugui ovyo, hata mafua hunipitia mbali. Bado naweza kupata saratani?

Unaweza. Kirusi cha mafua ni mgeni, kinatambulika upesi. Seli ya saratani imezaliwa humo humo mwilini na inafanana na jirani zake. Kila seli huanika vipande vya protini juu ya utando wake, na seli T, askari wa kinga ya mwili, hupita zikivikagua. Ikikuta kipande cha ajabu, seli T hujibandika hapo, huitoboa seli ile kwa protini iitwayo perforini, kisha hupenyeza vimeng'enya vinavyoifanya ijiue. Seli za saratani zinazosalimika ni zile zilizojua kujificha. Nyingine huacha kuanika vipande hivyo. Nyingine huvaa protini ya PD-L1, na hiyo ikigusana na PD-1 iliyo juu ya seli T, mashambulizi husimama.

Basi nitumie dawa za kupandisha kinga?

Hapana. Mara nyingi seli T zipo, tena zimejaa ndani ya uvimbe wenyewe, ila zimefungiwa breki. Anayekuuzia unga wa "kupandisha kinga" ili uahirishe kwenda kliniki anakuibia muda. Barua za namna hii huniuma kuliko zote.

Na hiyo breki haifunguliki?

Hufunguliwa. James Allison wa Marekani alichunguza breki ya CTLA-4, Tasuku Honjo wa Japani akachunguza PD-1. Mwaka 2018 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Dawa ya kwanza ya kufungua breki hizo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani kali ya ngozi. Wapo waliokuwa na melanoma iliyokwisha kusambaa, na miaka 10 baadaye wako hai. Lakini si kila mgonjwa hupata nafuu, wala si kila saratani husikia dawa hizi. Tena breki ikifunguka, seli T zinaweza kugeukia utumbo, ini, mapafu au tezi. Ukiwa kwenye tiba hii ukaanza kuhara au kubanwa na pumzi, usingoje tarehe ya kliniki. Wapigie siku hiyo hiyo.

Mjomba amepandikizwa figo. Mbona daktari humkagua ngozi kila mara?

Dawa zinazozuia mwili usiikatae figo huzipunguza nguvu seli T, na saratani ya ngozi huwapata zaidi watu kama yeye. Ajikinge na jua, aonyeshe kidonda chochote kisichopona. Dawa zake asiziache, maana ataipoteza figo.