Kabla ya kupanga kulipa deni la Bodi, nenda kaulize unadaiwa kiasi gani

Nina steshenari ndogo Nyegezi, Mwanza, jirani na chuo. Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana hujaa hapa: huyu cheti chake cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, yule mdhamini wake yuko kijijini na fomu inasubiri saini. Nimewasaidia wengi mno. Na miaka yote hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nadaiwa na Bodi ya Mikopo na sijarudisha chochote kwa mkono wangu.

Nilimaliza shahada 2012. Ada ililipiwa, bumu, yaani fedha ya kujikimu, nililila kama wenzangu, na aliyenidhamini ni baba mdogo, mvuvi wa Ukerewe. Nikafundisha shule binafsi kwa muda mfupi, kisha nikafungua duka. Mtumishi wa serikali hukatwa juu kwa juu kwenye mshahara. Sisi tuliojiajiri hatuna wa kutukata, ndiyo maana wengi husema wamesahau. Mimi sikusahau, niliogopa. Nilijua kuna tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, na usiku nilipiga hesabu kichwani hadi nikafika milioni 20. Nikifika hapo naona heri nisijue.

Mei Mosi ya 2021 iliadhimishwa hapa hapa Mwanza, na Rais Samia akatangaza kwamba tozo ile inaondolewa. Nilimsikia redioni nikiwa dukani. Hata hivyo ulipita mwaka mzima kabla sijapata ujasiri wa kwenda ofisi ya kanda ya Bodi.

Walichoniuliza kwanza ni namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne. Jina nililobadilisha baada ya ndoa halikuwa tatizo, kwa sababu mkopaji hutambuliwa kwa namba hiyo. Wakanipa taarifa ya deni: milioni 11 na laki 4. Ni fedha nyingi, lakini nilitoka pale nikipumua. Miaka tisa nilikuwa nimebeba milioni 20 ambazo hazikuwepo.

Kwa hiyo ndugu yangu, chukua taarifa yako kwanza, na uisome mstari kwa mstari. Ya kwangu ilikuwa na pengo. Ile shule ilinikata asilimia 8 ya mshahara, kabla makato hayajapanda kuwa 15, kwa miezi 11. Makato yaliyoonekana kwenye taarifa ni ya miezi minne tu. Kilichoniokoa ni bahasha ya hati za mshahara niliyokuwa nimeitunza bila sababu maalumu. Niliandika barua, nikaambatanisha nakala, nikafuatilia miezi mitano, na ile miezi saba iliyokosekana ikaingizwa. Kama hati zako zimepotea, mwombe mhasibu wa zamani, au chukua taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulioingia.

Kiwango cha aliyejiajiri ni angalau shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake. Mimi natoa 120,000, na ninazitoa kabla ya kwenda kununua karatasi za jumla, maana fedha ikishaingia kwenye mzigo hairudi haraka. Msimu wa maombi naongeza. Usiahidi laki tano kwa sababu ya aibu ya siku moja, ukashindwa mwezi wa tatu.

Lipa kwa namba ya malipo ya serikali (control number) pekee, kwa simu au benki, na risiti zote uziweke pamoja. Wiki ile niliyoanza kufuatilia, mtu mmoja aliniambia nimpe laki tatu "anifutie" deni. Hakuna anayefuta deni kwa kutumiwa fedha kwenye simu yake. Mkimbie.

Na mwambie aliyekudhamini. Hili ndilo nililolichelewesha kuliko yote. Nilimpigia baba mdogo jioni moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza kila kitu, hadi kiasi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nakala ya fomu aliyonisainia 2009 bado ipo kwenye sanduku lake, pamoja na kadi ya kliniki ya mwanawe wa mwisho. Alikuwa ameitunza miaka 13, akisubiri siku nitakayoihitaji.