Kompyuta iliyokuwa haiwaki mpaka ninywe chai

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Wete, Pemba, na kompyuta moja ya mtumba ndiyo inayonilisha. Vuli iliyopita ilianza kitimbi. Asubuhi nikibonyeza kitufe, feni inatikisika mara moja, kisha kimya. Nikiiacha imechomekwa ukutani nikaenda zangu kunywa chai, nikirudi baada ya nusu saa inawaka kama si yeye. Wiki mbili baadaye nusu saa ikawa saa nzima, na wateja wa barua za maombi ya kazi hawangoji saa nzima.

Jirani yangu akasema imekaliwa, nitafute wa kuisomea. Fundi wa kwanza akasema madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, imekufa, ninunue mashine nyengine. Huyu ndiye aliyenitia khofu zaidi, maana jirani hakutaka pesa.

Nikaazima mita ya kupimia umeme. Kabla ya chochote nilijaribu soketi nyengine na waya mwengine wa umeme, maana nimeshaona watu wakibeba kompyuta mpaka Chake kumbe ugonjwa uko kwenye plagi. Pia tazama nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Kwetu ikae 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio na hutahitaji mita.

Kisha nikapima waya wa zambarau unaotoka pawa saplai kwenda madabodi, mita nimeiweka kwenye DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya huu una umeme muda wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, na ndio unaoiamsha. Unatakiwa usome volti 5, ukipungua sana 4.75. Wangu ulisoma 3.9. Nikakaa nao. Baada ya dakika kumi 4.2, baada ya ishirini 4.5, ulipofika 4.8 nikabonyeza kitufe, ikawaka. Nilicheka peke yangu.

Ndani ya pawa saplai mna kapasita, vikopo vidogo vya kuweka umeme, zenye majimaji. Miaka ikipita na joto likizidi, majimaji hukauka. Iliyochoka hufanya kazi vibaya ikiwa baridi, ikipata moto inajikongoja. Kwa hiyo kompyuta inayotaka "kupashwa" kwanza, mshuku kapasita wa upande wa ule waya wa zambarau kabla hujamshuku mtu.

Ukitaka kuijaribu pawa saplai peke yake, itoe kwenye madabodi, chomeka hadidiski mbovu ili iwe na mzigo, kisha unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Itawaka. Usiridhike na feni kuzunguka. Feni huzunguka hata kwenye pawa saplai mbovu. Pima: manjano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, rangi ya chungwa karibu na 3.3.

Sasa kufungua. Hapa sitanii. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani, kapasita kubwa hubeba kama volti 325, na hubaki nazo hata ukishachomoa plagi. Mimi huchomoa, nangoja dakika kumi, kisha napima kapasita hiyo kabla ya kutia kidole. Ikiwa bado ina umeme, naumaliza kwa rizista kubwa, kifaa kinachopunguza nguvu ya umeme, si kwa bisibisi. Kama huna mita, usifungue kabisa. Mpe mwenye mita.

Ndani nilikuta vumbi lililoganda kwa chumvi ya bahari, skrubu zina kutu, na mjusi kafiri mkavu amelala kwenye ubao. Masikini hakuwa na kosa, ingawa wenzake wengi wameunguza vifaa vya watu. Kando ya transfoma ndogo, kapasita moja kichwa kimevimba kama andazi: mikrofaradi 1000, volti 10. Wete sikuipata, nikamwagiza mpwa wangu Unguja, ikaja na boti. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe sawa au zaidi, na iwe imeandikwa 105°C, si 85. Ule mstari ubavuni ni upande hasi, ukigeuza itapasuka.

Kabla ya kuirudisha ukutani, naiunganisha kwa mfuatano na globu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi ndani, yaani umeme upite kwenye globu ndipo ufike pawa saplai. Globu ikimemeta kisha ikafifia, vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na isizime, bado kuna shoti, chomoa. Njia hii ingemsaidia fundi mmoja niliyemwona akiweka uzi wa shaba badala ya fyuzi iliyoungua. Fyuzi ikiungua mpaka kioo kikawa cheusi, kuna kitu kingine kimekufa nyuma yake. Uzi wa shaba unampa fundi nafasi ya kuunguza na vilivyobaki.

Na kuna siku ni bora usitengeneze. Ubao ukiwa umegeuka kahawia na unanuka, au transfoma imeungua, nunua pawa saplai nyengine. Ila kwa kompyuta za mtumba angalia plagi ya madabodi kwanza. Nyingi za mezani hutumia ya pini 24, lakini baadhi ya Dell kama OptiPlex 9020 zina ya pini 8 na nyengine haiingii bila adapta. Nenda dukani na pawa saplai mbovu mkononi. Wenye duka watakuambia "zote sawa".

Yangu sasa inawaka kabla sijaketi. Umeme ukikatika nazima soketi, na ukirudi nangoja dakika tano utulie. Chai naendelea kunywa muda uleule.