Zulia la gari kulowa mvua ikinyesha: usikimbilie silikoni

Pole sana, kaka. Gari lako la kupita njia mbovu lina wiki tatu tu, halafu miguuni kwa dereva panalowa kila mvua ikinyesha, inauma. Ila hiyo silikoni ya kuzibia uliyoshauriwa na fundi usiipake: itaficha tatizo, na muuzaji anaweza kuitumia kukunyima waranti.

Anza na karatasi. Iweke kati ya raba ya mlango na bodi, funga mlango, ivute. Ikiteleza tu, hapo raba haibani. Zunguka mlango mzima, hasa kona za juu na pale ncha za raba zinapokutana. Kisha mtu akae ndani na tochi, wewe mwagia maji kwa mpira wa bomba taratibu, ukianzia chini kupanda juu. Ukianzia juu hutajua yameingilia wapi.

Raba ikiwa nzima, kagua nailoni ya kuzuia maji iliyobandikwa nyuma ya kava la ndani la mlango. Ni kawaida maji kupita pembeni mwa kioo na kushuka ndani ya mlango, yatokee matundu ya chini. Nailoni ikibanduka, yanaingia ndani ya gari. Langu lilikuwa hivyo: gundi haikushika kona moja, upana wa vidole viwili.

Chukua video, mwandikie muuzaji wiki hii hii. Na zulia linyanyue likauke, maana chini yake mara nyingi hupita nyaya.