Kupiga picha chakula mgahawani: ni kukosa adabu?

Hapana, kupiga picha sahani yako si kosa. Kinachokera ni flashi, na kumchelewesha mwenzako kula.

Zima flashi kabla chakula hakijafika, na sauti ya kamera pia. Flashi humulika hadi meza ya tatu, na hata picha yenyewe huiharibu: mwanga unagonga mafuta na mchuzi, unarudi kama madoa meupe, chakula kinaonekana kimepauka. Kama kuna giza, gusa sehemu ya chakula kwenye skrini, kisha telezesha kidole juu au chini kurekebisha mwanga. Egemeza viwiko mezani mkono usitikisike. Tochi ya simu ya mwenzako usiiombe, inasumbua vilevile.

Futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Alama za vidole ndizo hufanya picha iwe na ukungu. Sahani bapa ipige kutoka juu kabisa, bakuli au glasi kutoka pembeni, kama nyuzi 45. Picha mbili tatu, nusu dakika, basi. Kilichokaangwa hulainika kwa mvuke wake chenyewe, na aiskrimu haikungoji.

Waulize wenzako kabla hujagusa sahani zao. Usisimame juu ya kiti. Angalia nyuma ya sahani: sura ya mgeni wa meza nyingine ikiingia, ikate kabla hujaituma. Jikoni na wahudumu usiwapige picha bila ruhusa, na mwenye mgahawa akikataza picha, weka simu chini bila kubishana.