Sakafu inaunguza miguu: anzia kwenye plagi

SWALI: Nina Corolla ya 1997, injini 5A-FE ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi). Siku hizi sakafu ya abiria wa mbele inapata joto mpaka kapeti linanuka. Nikipanda mlima Kitonga gari halina nguvu, na kwenye foleni linatetemeka. Geji ya joto haipandi. Fundi mmoja anataka kutoboa masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la egzosi), mwingine anasema lirudishwe bati la kuzuia joto, ambalo lilitolewa zamani kwa kuwa lilipiga kelele. Nimsikilize nani?
Msomaji, Iringa

JIBU: Subiri kidogo kwa wote wawili. Bati lazima lirudi, na masega huenda yameharibika kweli, ila chanzo kiko mbele zaidi. Huo mtetemeko wa kwenye foleni unaonyesha kuna silinda haichomi. Petroli yake inatoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Kwa kawaida masega hufanya kazi kwenye nyuzi joto 400 hadi 800 za Selsiasi. Gari likimisi yanaweza kuvuka 1,000, kauri ya ndani ikaanza kuharibika, mwisho ikayeyuka na kuziba njia ya moshi. Ndiyo maana mlimani unakosa nguvu. Geji haikuambii lolote kwa sababu inapima maji ya injini tu. Ukifunga masega mapya leo injini ikiwa bado inamisi, yataungua vilevile.

Tafuta kwanza silinda mbovu. Injini ikiwa imewaka bila resi, chomoa soketi za nozeli (zinazopulizia petroli) moja baada ya nyingine, kila moja sekunde chache. Ukigusa silinda nzima, mlio unabadilika na injini inayumba. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo mbovu. Mafundi wengi huchomoa waya wa plagi badala ya soketi. Hatupendi njia hiyo, maana petroli inaendelea kumwagika kwenye masega, na unaweza kupigwa shoti.

Fungua plagi ya silinda hiyo. Ikiwa imelowa petroli, moto haufiki: pima waya wake, na ukisoma zaidi ya kilo-omu 25 utupe. Angalia pia kifuniko cha distributa kama kina ufa au mstari mweusi wa kaboni. Plagi zote zikiwa na masizi makavu, petroli inaingia nyingi. Hapo unganisha kwa kipande cha waya matundu yenye alama TE1 na E1 kwenye kiboksi cha majaribio chini ya boneti, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Kodi (namba ya hitilafu) 21 ni sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji, ambayo ikifa kompyuta inaweza kudhani injini ni ya baridi na kuongeza petroli. Sensa nzima husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Waya huohuo ukiwa bado umeunganishwa, washa injini upime taimingi (wakati plagi inapotoa moto) kwa taa yake: nyuzi 10 za mzunguko wa injini kabla pistoni haijafika juu. Distributa iliyorudishwa kwa kusikiliza mlio tu mara nyingi hukaa nyuma, na moto ukichelewa joto lote linahamia kwenye egzosi.

Injini ikishatulia, pima kama masega yameziba. Egzosi ikiwa imepoa, toa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, funga geji ya presha. Bila resi isizidi psi 1.5, na kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika isizidi 3. Ikizidi, masega yabadilishwe. Kuyatoboa kunafungua njia, lakini moshi unatoka mchafu, na injini ikimisi tena petroli itakwenda kuungulia kwenye bomba la nyuma.

Bati jipya liwe la aluminiamu, likae mbali na sakafu kiasi cha sentimita 2 ili hewa ipite, na lifungwe kwa washa pana lisilie. Mpaka hapo usiegeshe gari juu ya nyasi kavu. Sakafu ikiwa na tundu la kutu lizibe mapema, moshi wa egzosi unaua bila kunuka sana. Na asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake: weka stendi, zuia tairi.

SWALI: Kwangu joto liko nyuma kulia, karibu na tairi, na gari linakuwa zito. Ni egzosi pia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, hiyo ni breki inayoshika. Inua tairi, uizungushe kwa mkono. Ikiwa nzito, legeza nati ya kebo ya breki ya mkono. Ikiachia, kebo imekwama kwa kutu. Isipoachia, fungua nipeli ya kutolea hewa ya tairi hilo. Tairi likizunguka baada ya mafuta kutoka, presha ilinaswa, na mara nyingi ni paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani. Likibaki zito, fungua dramu uangalie springi za breki shuu na silinda ndogo. Usifunge nipeli ukaondoka hivyohivyo: jaza mafuta ya breki, toa hewa, kisha kanyaga pedali uone kama ni ngumu.