Kuendesha baiskeli ya changarawe Kupro: pima mwinuko na maji kabla ya kilomita

Nilipoketi Nairobi kupanga safari yangu ya kwanza ya Kupro, niliandika kilomita 70 kwa kila siku, kwa sababu umbali huo huwa naumaliza kabla ya chakula cha mchana ninapozunguka barabara za vumbi za Kajiado kwa baiskeli ya changarawe, yaani ile yenye matairi mapana kidogo ya kupita pasipo na lami. Siku ya kwanza nilifika Neo Chorio, kijiji kilichoketi juu ya ghuba ya Chrysochou, jua likiwa limekwisha kuzama, chupa zote mbili zikiwa tupu, na saa ya baiskeli ikionyesha kilomita 38. Nimerudi kisiwani humo mara mbili tangu hapo, na sijawahi tena kupanga siku kwa kilomita.

Kisiwa hiki, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita Saiprasi na ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Kipro, ni cha tatu kwa ukubwa katika Bahari ya Mediterania, baada ya Sicilia na Sardinia. Upande wa kati na magharibi umetawaliwa na milima ya Troodos, ambayo kilele chake, Olympos, kina mita 1,952, na kutoka huko maji ya mvua yamechimba mabonde marefu hadi baharini. Barabara ya vumbi inayokata mabonde hayo haina budi kushuka hadi mtoni, kupanda mgongo unaofuata, kisha kushuka tena, hivi kwamba vijiji viwili vinavyotazamana vinaweza kukugharimu asubuhi nzima. Kanuni yangu sasa ni kwamba siku mbili za kwanza sivuki mita 1,000 za kupanda, hata kama ramani inaonyesha kilomita chache za kuchekesha, na kila panapopita saa mbili za safari lazima pawepo mahali ninapojua kwamba nitapata maji.

Kwa Mkenya au Mtanzania kuna wepesi fulani usioupata sehemu nyingi za Ulaya. Kisiwa kilikuwa koloni la Uingereza hadi mwaka 1960, kwa hiyo magari hupita kushoto na soketi za umeme ni zile zile za matundu matatu tulizozizoea nyumbani. Huhitaji kujifunza upya upande wa kutazama kabla ya kuvuka barabara, jambo ambalo mwendesha baiskeli aliyechoka hulisahau kwa urahisi.

Nianze na rasi ya Akamas, kaskazini-magharibi, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wageni wengi na ndiyo inayowaadhibu. Njia ninayoipenda huanzia Agios Georgios, kijiji cha pwani kaskazini mwa Pafos, mji ule ule unaoitwa Pafo katika Matendo ya Mitume. Inafuata ufuo hadi ghuba ya Lara, kisha inaendelea kaskazini na kupanda hadi kwenye mgongo wa rasi, inapita penye miti ya misonobari ya Smigies, na kuteremka Neo Chorio na Latchi upande wa pili. Sehemu ya pwani ifanye asubuhi na mapema. Kufikia alasiri upepo wa bahari huwa umeamka, na magari madogo ya kukodi yanayoendeshwa na watalii hutimua vumbi jeupe ambalo halitulii mpaka uwe umelimeza. Lara ni pwani ambako kasa hutaga mayai, kasa wa kijani na kasa mwenye kichwa kikubwa, na kazi ya kuwalinda hapo ilianza mwaka 1978. Iache baiskeli barabarani na uende ufukweni kwa miguu, na wakati wa kiangazi usikanyage mahali palipofunikwa kwa vizimba vya kulindia mayai.

Mawe ya Akamas ni ya chokaa, meupe, na kingo zake hukata kama kigae kilichovunjika. Nilikuwa nashuka kutoka mgongoni nikijiona hodari, matairi yangu ya milimita 38 yakiwa yamejazwa upepo kama ya lami, nikasikia mlio mfupi wa kuchanika, na ubavu wa tairi la nyuma ukafunguka kwa urefu wa kucha ya kidole gumba. Tyubu mpya peke yake isingefaa kitu, kwa maana ingetokeza kwenye tundu na kupasuka. Kilichoniokoa ni ushauri wa fundi wa baiskeli wa Kawangware, ambaye aliwahi kunikatia kipande cha tairi kuukuu, kipana kama kiganja cha mtoto, akaniambia nikiweke chini ya kiti na nisikitoe. Nilikilaza ndani ya tairi, nikaitia tyubu juu yake, nikajaza upepo kidogo kidogo huku nikikitazama kidonda, na kipande kile kikanifikisha Latchi na kikaendelea kufanya kazi kwa siku nne. Tangu siku hiyo siendi Akamas na tairi jembamba kuliko milimita 45, na upepo naujaza kiasi ambacho kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu kinazama kidogo.

Kama unakodi baiskeli, ikague kabla hujatia sahihi. Duka moja lilinipa baiskeli ambayo vitambaa vya breki vilikuwa vimebaki chuma kitupu, nami niligundua hayo nikiwa tayari kwenye mteremko. Geuza baiskeli, chungulia breki, zungusha magurudumu, na uulize gia nyepesi kabisa ni ipi. Ikiwa meno ya nyuma ya gia hiyo ni machache kuliko ya mbele, omba baiskeli nyingine.

Mvua ikinyesha, badilisha mpango bila aibu. Udongo wa mfinyanzi wa wilaya ya Pafos hugeuka kuwa ndugu wa ule udongo mweusi wa pamba tunaoujua sisi: unashika matairi, unajaa kwenye uma, na baada ya mita hamsini unaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Siku ya aina hiyo nenda kwa lami hadi kijiji cha Kathikas, ukae mkahawani pamoja na wazee, uagize kahawa, na ununue soutzoukos, yaani lozi zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa katika juisi ya zabibu iliyopikwa hadi ikawa nzito. Sijapata chakula cha safari kinachoushinda: hauyeyuki kwa jua, haupondeki mfukoni, na kipande cha urefu wa kidole kinatosha mlima mmoja.

Hata hivyo, ukiniuliza mahali pa kutumia siku zako nyingi, nitakuambia msitu wa Pafos wala si pwani. Barabara zake za vumbi hutunzwa ili magari ya zimamoto yapite, kwa hiyo mwinuko wake ni wa taratibu, kona zake ni pana, na unaweza kupanda kwa saa nzima bila kushuka kwenye baiskeli. Moto ndio hofu kubwa ya watu wa huko. Usiwashe hata jiko dogo nje ya mahali palipotengwa, na ukiona moshi piga 112 au 1407, ambayo ni namba ya idara ya misitu. Mtandao wa simu hukatika mara kwa mara mabondeni, hivyo ramani iwe imehifadhiwa ndani ya simu kabla ya kuondoka.

Mimi hulala Stavros tis Psokas, kwenye kituo cha misitu, ambako agrino, kondoo-mwitu wa kisiwa hiki, hufugwa ndani ya uzio na huonekana kwa urahisi kuliko porini. Asubuhi napanda kupitia Bonde la Mierezi, penye mierezi ya aina isiyoota kwa asili popote pengine duniani, hadi monasteri ya Kykkos. Beba suruali nyepesi, kwa sababu kaptura ya baiskeli haifai mlangoni pa monasteri. Karibu na hapo, mahali paitwapo Throni, ndipo alipozikwa Askofu Mkuu Makarios III, rais wa kwanza wa Kupro. Msomaji wa Nairobi huenda amepita mbele ya seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta yenye jina lake bila kujiuliza ni nani.

Nenda kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei, au mwezi wa Oktoba. Julai na Agosti joto hukaribia nyuzi 40 bondeni, nami siwezi kumshauri mtu ajitese hivyo kwa hiari. Aprili nayo ina hila yake. Niliondoka Kykkos saa kumi alasiri nikiwa na fulana iliyolowa jasho, nikidhani hali ya hewa ya pwani imenifuata mlimani, na kabla sijafika kijiji cha Pedoulas vidole vilikuwa vimekufa ganzi kiasi kwamba nilivuta breki kwa viganja. Koti la upepo na glavu zenye vidole kamili huchukua nafasi ndogo kuliko chupa moja ya maji. Viweke juu kabisa ya mkoba, uvivae kabla ya kuanza kushuka.